Bolti ya Kukatika

Mtu aliyekulia karibu na posho mili hahitaji kufundishwa sana mashine ya kurusha theluji ya hatua mbili. Kwenye posho mili mahindi huingia kwa juu, nyundo huyaponda, halafu feni huuvuta unga na kuupandisha kwa bomba hadi kwenye ile pia kubwa ya bati iliyo karibu na paa, na kutoka hapo unga hushuka taratibu ndani ya gunia. Kwenye mashine ya theluji, parafujo pana ya chuma iliyoko mbele huzunguka polepole, huikata theluji na kuisukuma katikati. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Nyuma yake kuna feni nzito yenye kasi kubwa kuliko parafujo. Hiyo huipokea theluji na kuirusha kupitia bomba lililopinda, ikaanguke mita saba, nane, kando ya njia. Hatua ya pili. Tofauti ni kwamba upande wa pili hakuna mtu anayesubiri na debe.

Mimi ni mtu wa Kosele, si mbali na Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Sasa naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, mji ambao Jumamosi ukiingia duka la vyakula hukosi kusikia Kikisii na Kidholuo kati ya mchele na mafuta ya kupikia. Tuko wengi, na karibu sote tunafanya kazi moja: kulea wazee wa watu. Zamu yangu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mzee anayesubiri kugeuzwa kitandani hajali kama barabara imefunikwa. Kwa hivyo theluji kwangu haijawahi kuwa mandhari. Ni kitu kilicho kati yangu na kazi. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalishusha zaidi ya inchi 90 hapa Minneapolis, yaani mita mbili na robo ukizirundika pamoja. Kwa Kidholuo neno la karibu tulilo nalo ni pe, na pe ni mvua ya mawe, ile inayokuja dakika kumi, inaharibu mahindi na kutoboa sukumawiki, kisha inayeyuka watoto wakiwa bado wanaiokota. Hii ya huku inakaa hadi Aprili.

Wenzangu wengi wana mashine za betri, nyepesi, zisizo na moshi, unabonyeza kitufe tu. Ni nzuri. Sina ubaya nazo. Yangu ni Ariens ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa miaka ya 1970 huko Brillion, Wisconsin, jimbo jirani, na kampuni iliyoanza mwaka 1933 na kuingia kwenye biashara ya theluji mwaka 1960. Injini yake ni Tecumseh, na hao Tecumseh waliacha kutengeneza injini mwaka 2008. Ni nzito hata ukitaka kuipandisha kwenye pikapu unatafuta wanaume wawili na ubao. Haina vile vishikio vya siku hizi ambavyo ukiviachia kila kitu husimama. Hii ukiiachia inaendelea na safari yake kama punda wa maji.

Niliipata kwa jirani, mama mzee ambaye mumewe alikuwa ameiacha gereji alipofariki. Alinitajia bei ya kuku wawili, kisha akaongeza sharti: nitakapokuwa nikisafisha kwangu, nisafishe na kwake. Kumbe sharti ndilo lililokuwa bei yenyewe. Mara tatu kwa wiki gari huja kumchukua saa kumi na moja alfajiri kumpeleka kusafishwa figo, na dereva haruhusiwi kumbeba juu ya theluji. Njia ikiwa imeziba, gari hugeuka, na kwa mtu wa figo safari moja iliyoruka si jambo la kuchezea.

*

Wazo la mashine hizi ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Robert Carr Harris wa New Brunswick, Kanada, alipata hataza mwaka 1870 ya parafujo ya kufukua theluji kwenye reli. Baadaye Arthur Sicard wa Quebec akaunda ya kwenda barabarani mwaka 1925, na miaka miwili baadaye akaiuzia Outremont, kitongoji cha Montreal. Hizo zilikuwa kubwa kama lori. Ya kutembea nyuma yake, kama mtu anayelima na ng'ombe, ndiyo Ariens waliyoiuza kwa watu wa nyumba za kawaida.

Lakini hakuna hata mmoja wa hao aliyenifundisha. Mwalimu wangu alikuwa Lister ya baba.

Lister ile aina ya CS ilianza kuuzwa karibu mwaka 1930 kutoka Dursley, Uingereza, na ilipoachwa kule, mafundi wa Rajkot, India, waliendelea kuzitengeneza kwa umbo lile lile. Silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma, nguvu ya farasi sita kwa mizunguko 650 kwa dakika. Mizunguko 650 ni polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu mapigo: tuk, tuk, tuk. Baba aliinunua mitumba mjini Kisii, ikaletwa Kosele kwa lori la mawe, na juu ya bomba la moshi akavalisha mkebe uliotobolewa ili ipige mluzi. Ule mluzi ulikuwa tangazo. Mama zetu walikuwa shambani wanasikia, wanajua leo kinu kiko wazi, wanamtuma mtoto na gorogoro mbili za mahindi. Karo yangu ya sekondari ilitoka pale, sarafu kwa sarafu, nyingine zikiwa bado na unga.

Baba hakuwa amesomea ufundi. Alikuwa na kanuni chache alizozirudia hadi zikachosha. Mashine hainywi maji machafu, wala dizeli chafu. Mashine haifunguliwi kwa hasira. Na mkanda usibanwe kupita kiasi.

Hii ya tatu ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu kwayo nimeielewa Ariens. Kati ya Lister na kinu kulikuwa na mkanda mpana wa turubai. Mara kwa mara, pamoja na mahindi, liliingia jiwe au msumari. Kinu kiligoma ghafla, mkanda ukateleza, ukaruka kutoka kwenye gurudumu na kupiga ukuta kwa kishindo, watoto tukatawanyika kama vifaranga. Vijana wa kazi walichoka kuurudisha. Wakataka kuukaza zaidi na kuupaka utomvu ili ushike. Baba akakataa. "Kitu lazima kiteleze," alisema. "Sasa chagueni: mkanda, au mifupa ya injini?"

*

Kwenye mashine ya theluji, kinachoteleza ni bolti. Parafujo ya mbele imegawanyika vipande viwili, kushoto na kulia, na kila kipande kimevishwa kwenye mtaimbo wake kama bangili kwenye mkono, kikizuiwa kisizunguke bure na bolti moja nyembamba. Bolti hiyo imewekwa ikatike. Parafujo ikikutana na jiwe, au tawi, au ukingo wa saruji uliojificha, bolti hukatika, parafujo hubaki kimya, lakini boksi la gia lililoko katikati hubaki zima. Ndani ya boksi hilo kuna gia ya shaba, nayo ni ghali na ya mashine kuukuu kama hii kuipata ni bahati. Bolti ni ya senti.

Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta mtu amekwisha kuchoka na bolti za kukatika kabla yangu. Upande wa kulia alikuwa ameweka bolti ngumu, ya kichwa chenye mistari sita. Huku bolti husomeka kichwani: kichwa kitupu ni laini, mistari mitatu ni ngumu, sita ni ngumu zaidi, ya kufungia matrekta. Aliyeiweka bila shaka alijiona fundi. Haikukatika tena. Badala yake gia ya shaba ilikuwa imetafunika meno nusu, na oili ndani ya boksi ilimetameta kama uji uliotiwa dhahabu. Nilihangaika miezi miwili hadi nikapata gia nyingine kwenye mashine mfu nyuma ya karakana ya mzee mmoja huko mashambani, akaniuzia boksi lote kwa bei ya chuma chakavu.

Na kuna jambo ambalo hata wenye mashine mpya hawalijui. Bolti sahihi pekee haitoshi. Ile parafujo iliyovishwa kama bangili ikishika kutu kwenye mtaimbo, hata bolti ikikatika itaendelea kuzunguka, na mzigo wote utaenda kwenye gia kama vile hakuna bolti kabisa. Kwa hivyo kila Oktoba, kabla ya theluji, nazitoa bolti zote mbili, napiga grisi kwenye vile vichuchu vya pembeni mpaka itokeze upande wa pili, kisha naizungusha parafujo kwa mkono. Ikizunguka peke yake bila mtaimbo kuzunguka, nalala usingizi. Isipozunguka, ni mafuta ya kulainisha, nyundo ya mbao na uvumilivu, siku tatu ikibidi.

Mengine hayana maneno mengi. Oili nyepesi ya baridi, kwa sababu oili nzito kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri huwa kama asali na kamba ya kuwashia itakung'oa bega. Plagi mpya kila mwaka, mwanya wa elfu thelathini za inchi. Mikanda miwili, naikagua kama ina nyufa. Kwenda mbele kunategemea gurudumu dogo la mpira linalogusana na sahani ya chuma inayozunguka: ukilisogeza kuelekea katikati ya sahani mashine inatambaa, ukilipeleka pembeni inakimbia, na ukilivusha katikati hadi upande wa pili inarudi nyuma. Hakuna gia hapo, ni msuguano tu. Tone moja la oili kwenye ule mpira na mashine inasimama inatetemeka mahali pamoja. Huwa nafurahi kumwonyesha mtu sehemu hiyo. Unaelewa kwa kutazama, na mashine nyingi siku hizi hazikubali kutazamwa.

Petroli ndiyo inayoziua nyingi. Ya kawaida ya huku imechanganywa na ethanoli, sehemu moja kwa kumi. Ethanoli yenyewe ni pombe ya mahindi! Wanayasaga, wanayachachusha, wanayanywesha magari. Nilipomweleza mama hakuniamini. Pombe hiyo hunyonya unyevu, na ikilala ndani ya kabureta miezi yote ya joto huacha utando kama wa chai iliyosahaulika. Vituo vingine vina pampu ya petroli isiyochanganywa, yenye kibandiko kinachosema ni ya magari ya kale, mashua na injini ndogo. Natembea na kidumu hadi huko. Aprili nafunga bomba la mafuta, naiacha injini iunguruме mpaka inywe tone la mwisho na kuzima yenyewe.

Kuhusu mkono sitaki kufupisha. Theluji yenye maji huziba bomba la kutupia, na mtu mwenye haraka huingiza vidole kuizibua. Hata injini ikiwa imezimwa, feni inaweza kuwa imebanwa kama mtego, na theluji ikiachia tu, inajizungusha nusu mzunguko. Nusu inatosha. Soko la jirani nyumbani kulikuwa na kijana wa kinu aliyepoteza vidole viwili kwenye mkanda, na kwa miaka mingi nilimwona akihesabu chenji kwa mkono wa kushoto. Kwenye mpini wa Ariens yangu nimefunga fimbo ya mbao kwa kamba. Bomba huzibuliwa kwa fimbo, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Mke wangu naye anajua hivyo, na mwanangu ambaye bado hajafikisha umri wa kuigusa anajua hivyo.

*

Januari moja ilishuka usiku kucha. Niliamka saa tisa na nusu, nikavaa kila kitu, nikavuta kamba mara tatu ikawaka. Theluji ya juu ilikuwa laini kama unga wa mhogo na kazi ikaenda vizuri. Tabu huwa mwishoni mwa njia, pale inapokutana na barabara. Greda la mji hupita na kusukuma theluji ya barabarani pembeni, na pembeni ndiyo mlango wako. Ile si theluji tena. Imekandamizwa, ina chumvi na mabonge ya barafu, urefu hadi magotini. Mashine za hatua moja hupanda juu yake na kulia. Hii yangu hapo ndipo inaposhusha kichwa na kula.

Nilikuwa nimemaliza kwangu na nimeingia kwa mama jirani, ikiwa saa kumi na robo, ndipo ikapiga: *tah!* Kama risasi. Upande wa kushoto wa parafujo ukasimama. Nikazima, nikachomoa waya, nikapiga tochi. Gazeti. Gazeti lililoviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki, limeganda likawa gogo, limejikunja kati ya parafujo na ukuta wa boksi. Bolti ilikuwa imekatika safi, kama muwa.

Ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Bolti za akiba nazitunza kwenye kopo la filamu lililofungwa kwenye mpini, pamoja na nati na spana mbili. Kazi ya vidole vidogo huwezi kuifanya na glavu. Unavua, unafanya hesabu ya sekunde thelathini, unavaa, unapumulia ndani, unavua tena. Nililing'oa gazeti kwa fimbo na nyundo. Nikalinganisha matundu, nikapenyeza bolti, nati ikanidondoka kwenye theluji, nikachukua nyingine. Saa kumi na dakika ishirini na nane mashine ilikuwa inakula tena. Gari lilipofika saa kumi na moja kasoro, taa zake za manjano zilimulika njia nyeusi, tupu, na dereva akamshusha mama wa watu kwenye ngazi akimshika kiwiko. Mimi nilikuwa nyuma ya gereji natia chumvi. Hatukusalimiana hata.

Kama ile ya mistari sita ingekuwa bado ndani, gazeti lingemaliza meno ya gia, na saa kumi na moja nisingekuwa na mashine wala yeye asingekuwa na safari. Beleshi nililo nalo lisingefika barabarani kabla ya mapambazuko.

*

Mwezi uo huo ndugu yangu mdogo alinipigia kutoka Kosele. Baba alifariki, na kinu kilibaki mikononi mwake. Lister ilikuwa imegoma kuwaka wiki ya pili, na mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kuja na mizani.

"Bro, hii kitu ni kilo tu sasa," akaniambia. "Stima imefika. Sokoni kuna mili za stima. Zao unabonyeza, zetu unazungusha hendeli hadi jasho. Na dizeli umeona bei?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mifupa ya injini, kuhusu maneno ya baba. Akanikata.

"Wewe unapenda sauti yake. Mimi ndiye ninayenunua dizeli."

Sikuwa na jibu, na bado sioni kama lilikuwepo. Mtu aliye ng'ambo huwa na mapenzi makubwa kwa vitu ambavyo havimgharimu. Tukanyamaza kidogo, kisha akasema mama anataka kuongea.

Mama hakuzungumzia baba wala kumbukumbu. Alizungumzia pesa. Kinu kinapowaka, alisema, jioni anapata chake mkononi. Anaenda chamani bila kumwomba mtu, ananunua dawa zake za presha, anampa mjukuu ya kalamu. "Wewe unatuma, wuoda, na Mungu akubariki. Lakini pesa ya kutumwa huja na maswali. Umepata? Umefanyia nini? Imebaki ngapi? Ya kinu haiulizi kitu." Kisha akarudisha simu kwa ndugu yangu kana kwamba ameuliza tu hali ya hewa.

Basi tukakubaliana jambo dogo: kabla ya mizani, aniitie Lister kwenye video.

Injini ya aina hii huzungumza hata ikiwa imezimwa. Ukiinua kiwiko cha kuachia hewa ya silinda na kuzungusha hendeli polepole, nozeli ikiwa nzima utaisikia ikikoroma mara moja kila inapopulizia dizeli: *krrr*. Ndugu yangu aliweka simu juu ya kichwa cha injini, kijana mmoja akazungusha. Nilikuwa kwenye kibanda cha mapumziko kazini, chakula changu kinapoa, nimebana simu sikioni kama daktari. Kimya. Akafungua nati ya bomba la dizeli, akapampu kwa mkono hadi mapovu yakaisha, akafunga. Tena. Kimya. Hapo tulijua ni nozeli imeshikana, si injini. Nozeli mpya ilinunuliwa Nairobi, Kirinyaga Road, ambako hukosi kifaa cha kitu chochote kilichowahi kunguruma Kenya hii, ikapandishwa basi la usiku na ndugu yangu akaipokea Oyugis asubuhi ikiwa imefungwa kwa gazeti. Akaifunga mwenyewe. Saa nane mchana, saa zao, alinitumia ujumbe wa sauti usio na neno hata moja. Tuk, tuk, tuk, na mluzi.

Lakini kupona kwa Lister hakukubadilisha bei ya dizeli, na yeye hakusahau. Kilichofuata kilikuwa wazo lake, si langu. Alinunua mota ya stima, akaifunga upande wa pili wa kinu. Siku za kawaida kinu kinazungushwa na stima kama cha wenzake. Stima ikipotea, na hupotea, anatoa mkanda mmoja, anavalisha ule mpana wa turubai, anazungusha hendeli. Wakati huo mili zote za soko ziko kimya na yake peke yake inapiga mluzi, na watu wanakuja na madebe kutoka hata upande ambao zamani hawakuwa wateja wetu. Kwenye giza anaongeza shilingi tano kwa gorogoro. Mama hapendi, kwa hivyo wajane anawasagia kwa bei ya zamani, yeye akisimama pale pale mlangoni kuhakikisha.

Nilimwuliza kuhusu mkanda, kama ameukaza. "Unateleza vizuri tu," akasema. "Jana umepiga ukuta, kuku wote wakakimbia."

Majira yaliyopita nilimpigia mama video nikiwa nasafisha, alfajiri kwetu, mchana kwao. Nilitaka aione mashine ikifanya kazi. Niliweka simu juu ya boksi la barua, nikapita mbele yake mara mbili, theluji ikiruka kwenye mwanga wa taa kama makapi. Nilipozima aliniangalia kwa muda.

"Hiyo yako ina haraka sana," akasema. "Haipumui. Inasaga nini?"

"Theluji, Mama."

"Na unga wake anakula nani?"

Nikamwambia haulwi, unatupwa pembeni, ukifika Aprili unakuwa maji.

"Na yule mama wa figo, yeye anakulipa?"

"Hanilipi. Ndivyo tulivyopatana."

Akafikiri. "Angalau akupe chai."

Nikamwambia hunipa, kila Jumamosi, ila ya huku haina maziwa.